Paka Hacheui

Kila anayeingia dukani kwangu amebeba paka namwuliza swali moja kabla hata sijampa kiti: amekula nini? Siulizi jina la paka wala umri wake. Wateja wangu wamezoea. Wengi ni wafugaji wa kuku na mbuzi, wanakuja kuchukua dawa ya minyoo na chanjo ya kideri, na paka wanaletwa mara mojamoja, wakiwa kwenye kikapu au kwenye mfuko wa salfeti uliotobolewa matundu ya kupitisha hewa. Mimi si daktari na sijawahi kujiita daktari. Ninauza dawa, na nilichojifunza ni kumtazama mnyama na kumwambia aliyemleta kama arudi naye nyumbani au amkimbize kwa daktari wa mifugo sasa hivi, asipitie hata sokoni. Mwezi uliopita, asubuhi, mwanamke wa rika langu aliingia ameshika kikapu kilichofunikwa khanga, akapiga hodi. Nilikuwa nimeinama napanga chupa kwenye rafu ya chini, nikamwuliza swali langu kabla sijauona uso wake. Nilipoinuka nikakuta ni Zaina, ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa karibu miaka thelathini. Jibu alilonipa nitalifikia. Mtu hawezi kulielewa mpaka nieleze kwanza mwaka tuliokaa chumba kimoja kule Kizota, mimi, yeye, na paka aliyeitwa Mkaguzi.

Kilikuwa chumba cha pili kushoto katika nyumba ya Bi Mwajuma. Kilienea vitanda viwili vya kamba, sanduku langu la bati, na meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi tuliouinua kwa kipande cha tofali. Kuta hazikufika juu. Fundi aliishia njiani, au mwenye nyumba alimwambia inatosha, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha kwanza kilisikika chumba cha nne, na hakuna aliyekuwa na siri isipokuwa anayejua kunong'ona. Zaina alijua kunong'ona. Alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa Kondoa, mwenye Kiswahili laini na maneno ya kumfaa kila mtu. Mimi nilikuwa msichana wa Kigogo niliyetoka kwenye ng'ombe, mzito wa ulimi, na nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponionyesha namna ya kubana mlango ule usiokuwa na kitasa. Jioni tulipika ugali wa uwele na mlenda uani, tukala kwenye sinia moja, naye alinisukumia upande wenye mboga nyingi bila kusema kitu. Nalitaja hilo sinia ili asije mtu akadhani namsema Zaina kwa kuwa sikumjua. Nilimjua.

Tulishona magunia katika ghala la mahindi lililokuwa hatua chache kutoka nyumbani. Malori yalikuja kutoka Kibaigwa, mahindi yakamwagwa, yakapepetwa, yakajazwa upya, nasi wanawake tukakaa chini tukiziba midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano ndefu iliyopinda nchani. Kulikuwa na nyuzi za aina mbili. Nyeupe ilikuwa ya magunia ya kawaida na ilitupwa katikati yetu asubuhi, kila mtu achukue. Ya bluu ilikuwa ya mahindi ya mbegu, na hiyo ilikaa ndani ya kasha la msimamizi, tuliyemwita Baba Neema, na ufunguo ulikaa kiunoni kwake. Ukipewa uzi wa bluu alikukatia mwenyewe, kipande kwa kipande, akisimama juu ya kichwa chako. Tulikuwa tukimcheka kwamba mkewe akitaka kushona kifungo lazima aandike barua. Ni uzi wa kawaida tu wa nailoni, lakini mtu yeyote wa ghala lile akiuona mahali popote alijua umetoka mkononi mwa nani.

Mkaguzi alikuwa wa ghalani kabla hajawa wangu. Nilimkuta nyuma ya marobota ya magunia matupu akiwa kitoto cha macho mabovu, nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikamlisha kwa kidole. Alipokua akawa na tabia ya kupita asubuhi kwenye mistari ya magunia, akisimama kila gunia, akinusa, akienda linalofuata, na ndiyo sababu ya jina. Wapakiaji walikuwa wakinitania, "Yunisi, Mkaguzi kapitisha? Tupakie?" Jioni alinifuata nyumbani, akalala miguuni kwangu, ila chakula alimwendea Zaina, maana Zaina ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Mwaka ule nilikuwa na vitu vitatu vya kujivunia: paka huyo, rafiki huyo, na neno nililopewa na Baba Neema mwezi wa pili. Aliniona nikisoma hesabu za lori kwa sauti ili kumsaidia mpakiaji mmoja, akaniambia, "Msimu huu ukiisha utakaa mezani wewe. Karani anaondoka." Kukaa mezani kulimaanisha kiti, kalamu, kivuli, na mgongo ulionyooka. Habari hiyo nilimwambia mtu mmoja tu, naye ni Zaina. Alinikumbatia mpaka tukaanguka kitandani.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Bahi ilijaa maji, na watu wa kule waliokuwa wakilima mpunga wakageuka wavuvi. Baba Neema kwao ni Bahi, na kila alipokwenda alirudi na perege. Jumapili moja nilikwenda kanisani asubuhi, nikabaki kwa mazoezi ya kwaya, nikarudi saa nane. Chumba kilikuwa kimefagiwa, dirisha limefunguliwa wazi, na bado kilinuka samaki. Zaina hakuwa mtu wa kufagia Jumapili. Nikamwuliza, akasema Bi Mwajuma kakaanga dagaa uani na moshi wote umeingia ndani. Bi Mwajuma alikuwa amekaa mlangoni kwake akichambua mchele, alisikia, akaendelea kuchambua. Mkaguzi alikuwa chini ya meza akijilamba midomo kwa bidii. Nikamwambia, "Na wewe umepata dagaa, eh?" Tukacheka wote.

Asubuhi ya Jumatatu alitapika. Nilisikia lile koromeo linavyopiga kabla sijaona, kisha povu jeupe kwenye sakafu. Mara ya pili ilikuwa maji ya njano. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia, ndipo Zaina akasema akiwa anajifunga kilemba, "Hatapiki huyo. Anacheua tu." Ninaomba neno hilo litazamwe vizuri. Mjini mtoto mchanga akirudisha maziwa husemwa anacheua, na mama humfuta mdomo akaendelea na shughuli zake. Lakini mimi nilikulia kwenye ng'ombe, na kwetu ng'ombe anayecheua ni ng'ombe mzima. Jioni baba alikuwa akipita zizini kutazama taya zao tu: anayecheua ni mzima, amekula vizuri, mwache; aliyeacha kucheua ndiye wa kuamka alfajiri kumtazama. Sikuwa na neno jingine katika lugha yoyote lililonituliza kuliko hilo. Na Zaina alilijua, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia mimi mwenyewe habari za zizi lile, tena zaidi ya mara moja, tukiwa tumelala tunatazama mabati. Nikafuta sakafu, nikaenda kazini.

Nilimwuliza siku ile jioni, "Zaina, amekula nini huyu?" Akasema, "Sijui. Labda panya mwenye sumu." Hapo akanitisha, kisha akanitoa hofu palepale: "Lakini angekuwa keshakufa. Usiwe na wasiwasi." Jumanne nilimwuliza tena, akasema huenda ni majani. Paka hakuwa ameonja chakula tangu Jumapili. Nilimwekea dagaa, akawanusa, akageuza uso, akaenda kujikunyata kona ya sanduku huku mgongo umepinda juu. Nikasema naenda kwa daktari wa mifugo, ofisi yake haikuwa mbali. Zaina alinishika mkono. "Yunisi, paka si mfugo. Yule mtu anatibu ng'ombe wa watu. Utakwenda kupanga foleni na wenye ng'ombe, umebeba paka? Watakucheka mpaka Bahi." Niliona aibu kabla hata ya kuchekwa, nikakaa. Ni kweli kwamba watu wangenicheka. Hata leo wapo wanaoingia dukani kwangu wakiwa wamemficha paka chini ya khanga ili majirani wasimwone. Uongo mzuri huchanganywa na kweli kidogo, na Zaina alikuwa fundi wa kipimo.

Jumanne hiyohiyo nilirudi mapema kuliko kawaida kwa kuwa lori lilichelewa. Nilikuwa nafungua ndala kwenye korido nikasikia sauti ya Bi Mwajuma ikipita juu ya ukuta. "Umemwambia?" Zaina akajibu, "Bado. Nitamwambia akipona." "Na asipopona?" "Atapona, Bi Mwajuma. Mbona wengi wanapona." Mama yake Zaina alikuwa mgonjwa kule Kondoa, na Zaina hakuwa amemwambia kwamba ameacha kujifunza cherehani ili aje kushona magunia. Nikadhani wanazungumza habari hiyo. Nikamwonea huruma kiasi kwamba niliingia chumbani nikampa embe nililojinunulia mwenyewe. Alilipokea. Alilimenya, akanikatia nusu, tukala.

Jumatano Mkaguzi aliacha maji. Udenda ulikuwa unamtoka mdomoni kwa uzi mrefu, na kila baada ya muda alikuwa anajikwaruza shavu kwa mguu wa mbele kama mtu anayeondoa kitu asichokiona. Nilipomgusa tumbo alitoa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. Bi Mwajuma alikuja na maziwa kwenye kisosi, akasema, "Mnyweshe, huyo ana roho ya paka, hafi." Alitapika maziwa yote. Mpangaji wa chumba cha kwanza akatoa nusu ya kidonge chake cha maumivu, na namshukuru Mungu kwamba paka alikikataa, kwa kuwa sasa najua vidonge hivyo vya binadamu vinamuua paka vyenyewe bila msaada. Zaina alimshika kichwa nikijaribu kumdondoshea maji kwa kijiko. Alimfuta udenda kwa ncha ya khanga yake, khanga mpya, akambembeleza, "Pole baba, pole." Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikamwuliza kwa mara ya mwisho, na swali nililirefusha: "Zaina, hebu kumbuka. Jumapili mimi sikuwepo. Hakuna kitu chochote alichookota?" Alinitazama usoni. Mkono wake ulikuwa bado chini ya taya la paka, na sasa ninajua ncha ya kile nilichokuwa nauliza ilikuwa kiasi cha kidole kimoja kutoka pale alipokuwa amemshika. Akasema, "Hakuna."

Alhamisi sikumwambia mtu. Nilimfunga Mkaguzi kwenye kitenge, nikampitisha mbele ya wanaume wanne waliokuja kutafutia ng'ombe wao dawa ya kuogesha, na kweli mmoja alicheka. Daktari alikuwa mzee mrefu mwenye buti za mpira. "Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo, nikaitikia, nikamwambia kwamba paka wangu anacheua tangu Jumatatu. Aliacha kunawa mikono. "Nani kakwambia paka anacheua?" Akaja, akafunua kitenge. "Ng'ombe anacheua. Mbuzi anacheua. Paka hacheui, binti. Paka anatapika." Alisema hayo bila ukali, akamlaza mezani, akanionyesha jambo ambalo nimelifanya mara nyingi sana tangu siku ile. Alifungua mdomo kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine akasukuma kutokea chini ya taya ili ulimi uinuke. Chini ya ulimi, umezunguka shina lake na kuzama ndani ya nyama mpaka umeikata, palikuwa na uzi. Ulikuwa wa bluu.

Nilinyoosha mkono niuvute. Akanipiga kofi mkononi, kofi hasa. "Usiuvute!" Kisha akanieleza taratibu, huku akimpapasa tumbo. Uzi umeshikwa huku kwenye ulimi, na upande wa pili umeteremka tumboni ukaingia kwenye utumbo. Utumbo unajaribu kuusukuma, hauendi, kwa hiyo utumbo wenyewe unaupanda ule uzi na kujikunja marinda, na uzi ukikaza unakata kama msumeno. Ukivuta, unamalizia kazi. Akauliza ni siku ya ngapi. Nikasema ya nne. Akavua saa yake, akaiweka dirishani. "Paka akitapika mara moja akaendelea kula na kucheza, mtazame tu. Akirudia siku hiyohiyo mara mbili tatu, usimtazame, mlete. Akipitisha siku nzima bila kula, mlete. Akikataa maji, akitapika damu, akijikunyata asitake kuguswa tumbo, mlete siku hiyohiyo. Na kama kuna mtu amemwona akimeza uzi," akasema, "hamsubiri hata kutapika. Mnakuja naye akiwa bado anacheza. Wa hivyo wengi tunawaokoa." Kisha akauliza lile swali ambalo nimeligeuza kuwa langu. "Hivi nyumbani kwenu hakuna aliyeona amekula nini?"

Nilikaa nje kwenye benchi na wale wanaume wa ng'ombe. Aliyecheka alinipisha nafasi, akanipa maji ya kunywa. Daktari alimpasua, akatoka baadaye akiwa amekunja uso, akaniambia utumbo ulikuwa umetoboka sehemu nyingi na hakuona haja ya kumwamsha. Akaniomba ruhusa. Nikampa. Kwenye sahani ya bati alikuwa ameuweka uzi wote, mrefu kuliko mkono wangu, na katikati yake palikuwa na mafundo matatu yaliyopangana, na kwenye fundo moja limebanwa gamba la samaki. Perege wa Bahi hutungwa hivyo, fundo kwa kila samaki, kupitia mdomoni. Samaki watatu walifungwa kwa uzi wa kasha la Baba Neema, wakaliwa chumbani kwangu Jumapili nikiwa naimba. Sikuhitaji kuelezwa zaidi, ingawa nilisimama pale kwa muda nikitafuta maelezo mengine yoyote. Daktari akaniuliza kama nautaka. Nikasema ndiyo, akaufunga kwenye gazeti.

Zaina alikuwa anakula niliporudi, sinia lile lile, ameniachia upande wangu. Niliweka gazeti sakafuni nikalifungua. Aliutazama uzi, akaendelea kutafuna kwa kuwa tonge lilikuwa tayari mdomoni, nami nikamweleza kila alichoniambia daktari, neno kwa neno, marinda na msumeno, siku ya kwanza na siku ya nne, na kwamba uzi hauvutwi. Niliisikia sauti yangu ikiwa imetulia. Alipomeza akasema, "Nilidhani atautoa. Paka wanakula vitu vingi, wanavitoa." Nikamwuliza kwa nini hakusema. "Ningesema ameula uzi wa samaki, ungeuliza samaki gani. Ningesema samaki wa nani?" Kisha likatoka lote. Baba Neema alikuja Jumapili kwa sababu Zaina alimwita. Alimwambia kwamba mimi nimeposwa, kwamba msimu ukiisha narudi kwetu kuolewa, na kwamba meza ikibaki wazi yeye yupo. Sikuwa nimeposwa na mtu yeyote. Bi Mwajuma aliwaazima sufuria. "Nilitaka kukwambia baada ya yeye kutangaza," akasema, "halafu paka akaanza kuumwa, nikaona nikisema hili, na lile litatoka. Nikasema acha apone kwanza." Alilia. Akanishika goti. "Ni paka tu, Yunisi. Tutatafuta mwingine."

Kiti kile ningekigombania, na huenda Zaina angenishinda kwa haki, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kunyang'anywa kiti ni jambo la kazini, mtu hukasirika akapoa. Kilichonikaa kooni ni zile siku nne. Ni kwamba nilimwuliza kila siku, naye kila siku akachagua upya. Alikuwa na Jumatatu, akawa na Jumanne, akawa na Jumatano, na katika kila moja ya siku hizo neno moja tu lingetosha, neno fupi kuliko jina lake. Badala yake alilichukua neno la zizini kwa baba yangu, neno nililompa mimi kwa mapenzi, akalitumia kunilaza. Karani aliondoka kabla ya msimu kuisha, na Ijumaa Zaina alikaa mezani. Nilishona magunia mpaka saa sita, nikasimama nikiwa na shazia mkononi, nikaiweka mbele yake juu ya daftari, nikatoka. Nilihama kwa Bi Mwajuma siku ileile, na yule mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo wake.

Nilikwenda kwa daktari kumrudishia jembe aliloniazima kumzikia Mkaguzi, nikakuta ofisi chafu, nikashika ufagio. Hakunifukuza. Nilifagia, nikashika mbuzi wakichomwa sindano, nikasoma majina ya chupa, mwishowe akanipeleka chuoni kwa barua yake mwenyewe. Watu huniambia kwamba basi Mungu alikuwa na makusudi, na kwamba bila Zaina nisingekuwa na duka. Huwa nawajibu kwamba Mungu simlaumu, na Zaina simshukuru.

Sasa nimefika kwenye jibu. Alisimama mbele ya kaunta yangu, amenenepa, miwani imemteremka puani. "Niliambiwa nije kwa Mama Enoki," akasema. "Sikujua kama ndiye wewe." Sijui kama ni kweli, na sikuuliza. Nilirudia swali langu kama ninavyomwuliza mteja mwingine yeyote: "Amekula nini?" Akafunua khanga. Paka mdogo wa madoa, macho maangavu, alikuwa anajaribu kutoka kikapuni. "Uzi," Zaina akasema. "Wa cherehani, wa mjukuu wangu. Nimemwona anaumeza kwa macho yangu, hata saa moja haijapita. Ametapika mara moja njiani. Ametapika," akarudia, akiniangalia. "Sijauvuta."

Nilisukuma kwa kidole gumba chini ya taya, ulimi ukainuka, uzi ulikuwepo, mwekundu, bado haujakaza. Nilifunga duka, tukapanda bajaji mimi na yeye na kikapu katikati. Daktari wa sasa ni binti mdogo tu, lakini mikono yake ni mizuri. Alimpokea, akamtazama, akamwambia Zaina, "Mama, umefanya vizuri sana kuwahi na kusema ukweli. Wengi wanaficha." Zaina aliinamisha kichwa. Tulikaa kwenye benchi mpaka tukaitwa. Paka alipona, na mjukuu alinipigia simu wiki ile kunishukuru, mtoto mwenye adabu, akaniamkia shikamoo mara mbili.

Nimefurahi kwa ajili ya paka. Lakini tangu siku ile nimekuwa na hasira mpya, changa kabisa, na nimeshindwa kumweleza mtu nyumbani kwangu kwa nini. Miaka yote hii nilikuwa nimejipa faraja moja ndogo: kwamba Zaina hakuweza kusema, kwamba woga ulimfunga kinywa na kwamba ndivyo alivyoumbwa. Siku nilipomfungulia lile gazeti, akiwa anatafuna tonge, nilidhani hata hanisikii. Kumbe alisikia kila neno, akalitunza, na siku paka alipokuwa wa kwake alilitoa lote. Ilimchukua chini ya saa moja.